E Iliyonyamaza na L Iliyotoweka: Historia ya Irabu katika Usomeshaji wa Watoto, Pwani ya Kilifi

Makala haya yanahusu kosa moja dogo la usomaji. Mtoto wa darasa la kwanza katika Bofa, ufuo ulio kaskazini ya hori ya Kilifi, akiandikiwa ubaoni neno la Kiingereza "name", husoma "na-me". Akiandikiwa "bite" husoma "bi-te", na "make" husoma "ma-ke". Mwalimu humsahihisha mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mara nyingi humhesabu katika fungu la watoto wazito wa kusoma. Nia yetu ni kuonyesha kwamba kosa hili lina historia, na kwamba historia hiyo haimo katika kichwa cha mtoto bali katika maandishi ya lugha anazofundishwa. Tutadai vilevile kwamba istilahi tunayoitumia sisi wenyewe, walimu wa vyuo na waandishi wa miongozo ya walimu, yaani "irabu ndefu", imezidisha utata pale ilipotarajiwa kuuondoa.

Bofa tumeichagua kwa sababu mbili. Watoto wake wengi huja shuleni na Kigiriama au lugha nyingine ya Kimijikenda kinywani, wengine na Kiswahili, kisha wote hukabidhiwa maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza katika mwaka mmoja. Pili, Kigiriama kimehifadhi sauti ambazo Kiswahili kimezipoteza, na bila ya ushahidi huo sehemu muhimu ya hoja yetu isingesimama.

Alifu isiyokuwa na sauti

Mtoto wa Kiislamu wa pwani hii, kabla ya kuwako shule za serikali na hata baada yake, alianza kusoma chuoni, mbele ya mwalimu wa Kurani. Alitaja herufi na alama yake, kisha sauti iliyotokana nazo: be fatha ba, be kasra bi, be dhumma bu. Ukilitazama jambo hili kwa makini utaona kwamba ni somo la silabi, ingawa kinachotajwa ni herufi. Irabu fupi haina herufi yake. Ni alama iliyowekwa juu au chini ya konsonanti. Hapo ndipo lilipotoka neno lenyewe "irabu", ambalo kwa Kiarabu lina maana finyu zaidi, ya mabadiliko ya miishio ya maneno kwa mujibu wa nafasi zake katika sentensi. Wako wenzetu wanaopendelea "vokali". Hatugombani nao, ila tunaona kwamba neno lililobeba historia ya darasa la kwanza kabisa la pwani lisitupwe kwa urahisi.

Baada ya alama hizo tatu mtoto alikutana na herufi za madi, yaani za kuvuta: alifu, wau na ye. Jambo linalotuhusu hasa ni alifu. Ikiwekwa baada ya be yenye fatha, alifu haitamkwi kwa sauti yake yenyewe. Kazi yake ni kumwambia msomaji aivute irabu iliyotangulia kwa kipimo cha harakati mbili, na mtoto hujifunza kipimo hicho kwa kukunja na kukunjua kidole. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa vitenzi vya wingi, kama "qaaluu", huandikwa alifu nyingine isiyosomwa kabisa. Mwalimu wa chuo husema kwamba haisomwi, na mtoto huiacha.

Kwa hiyo si kweli, kama inavyosemwa mara kwa mara katika semina za walimu, kwamba dhana ya herufi isiyotamkwa ni ngeni kwa mtoto wa pwani. Imefundishwa hapa kwa karne nyingi, kwa watoto wa umri wa miaka sita na saba, na watu wasiokuwa na cheti chochote cha ualimu. Ni kweli kwamba watoto wa Bofa wasiokuwa Waislamu hawakupitia mlango huu, wala wote waliopitia hawakudumu. Lakini mlango ulikuwapo, na hadi leo upo.

Waandishi wa Kiswahili walichukua desturi hiyohiyo ya madi wakaitia katika lugha yao. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa yaliyobaki. Katika hati nyingi za pwani neno "baba" liliandikwa kwa be, alifu, be. Alifu hiyo ilikuwa na kazi gani, nasi hatusemi "baaba"? Jibu ni kwamba, kwa kadiri fulani, tunasema. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo yenye mkazo katika Kiswahili, na silabi yenye mkazo huvutwa kidogo kuliko jirani zake. Mwandishi wa hati hakuambiwa jambo hilo na mtaalamu wa fonetiki. Sikio lake lilimwambia, na herufi ya kuliandikia alikuwa nayo. Tunaomba msomaji aukumbuke mvuto huu wa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa sababu tutakutana nao tena mahali asipoutarajia.

Udhaifu wa maandishi hayo ulikuwa kwingine. Alama za Kiarabu ni tatu na irabu zetu ni tano; e na i zikagawana kasra, o na u zikagawana dhumma. Msomaji aliyekuta "pembe" na "pimbi" ilimbidi atazame maneno yaliyozunguka ndipo ajue kama anasoma habari za ndovu au za mnyama mdogo wa mawe. Hati zilisomwa vizuri na mtu ambaye tayari alijua lugha, na hiyo si hoja ndogo ya kuzitetea, maana ziliandikiwa watu hao.

Herufi moja, sauti moja

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1846, yeye na Johannes Rebmann walianzisha misheni Rabai, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi, na mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa Tübingen, Ujerumani. Krapf alichagua herufi za Kirumi. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 juu ya Kiswahili cha Unguja, alifuata kanuni iliyokuja kuwa kanuni yetu sote: konsonanti zisomwe takriban kama za Kiingereza, na irabu kama za Kitaliano.

Uamuzi huu tumeuzoea kiasi cha kutouona. Steere alikuwa Mwingereza. Angaliweza kuandika Kiswahili kwa irabu za kwao, na wako wasafiri wa karne hiyo waliofanya hivyo, wakaandika majina ya miji yetu kwa "ee" na "oo" mpaka mwenyeji hautambui mji wake. Badala yake alituepusha na irabu za lugha yake mwenyewe. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925, ule wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, vyote vilibishana juu ya mengi, lakini irabu tano za Kitaliano hazikuguswa.

Kutokana na kanuni hiyo ulizaliwa wimbo wa darasa la kwanza: a e i o u, ba be bi bo bu, cha che chi cho chu. Mtoto anayeijua jedwali hiyo anaweza kusoma neno lolote la Kiswahili, hata asilolijua maana. Vitabu vya lugha za mama vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu vilijengwa juu ya msingi wa namna hiyo, na mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini kote kuanzia mwaka 2015, uliendelea kuwafundisha watoto sauti za herufi na silabi katika Kiswahili, huku ukiwafundisha Kiingereza sambamba. Pamoja na silabi hizo mtoto hufundishwa ahadi moja isiyotajwa kwa maneno: kila herufi ya irabu uionayo ina sauti, na sauti hiyo haibadiliki. Ahadi hii haijavunjwa na neno hata moja la Kiswahili atakalolikuta katika kitabu chake cha kwanza.

Saa moja kati ya "wake" na "wake"

Kiingereza kilishuka katika madarasa ya chini kwa hatua. Mwaka 1957 kulianzishwa Nairobi majaribio ya kusomesha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza kwa watoto wa Kiasia. Mpango huo ukajulikana kwa kifupi kama NPA, na muda si mrefu ukaenea katika shule za Waafrika. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza tangu mwanzo. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya kwanza. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, una nafasi ya lugha ya asili, ya Kiswahili na ya Kiingereza tangu gredi ya kwanza. Tume zote hizo zilijadili lugha ipi ifundishwe na lini. Suala la mifumo miwili ya maandishi kukutana katika daftari moja halikupewa uzito uliostahili.

Hebu tuangalie mkutano huo ulivyo. Yako maneno ambayo yameandikwa kwa herufi zilezile, kwa mpangilio uleule, katika lugha zote mbili: "wake", "pale", "pole", "mate", "wale", "kale". Katika somo la Kiswahili mtoto anasoma "wa-ke" anapongezwa. Katika somo la Kiingereza, pengine saa moja baadaye, ubao haujafutwa vizuri, anasoma herufi hizohizo vilevile anaambiwa amekosa. Anasoma "pole" kama alivyoambiwa na mama yake alipojikwaa asubuhi, na anaambiwa kwamba hiyo ni nguzo. Hakuna kilichobadilika ubaoni. Kilichobadilika ni jina la somo, na jina la somo halikuandikwa juu ya neno.

Katika madarasa ya Uingereza watoto huambiwa kwamba e hii ya mwisho ni e ya mazingaombwe: huruka juu ya konsonanti, ikaigusa irabu iliyotangulia, na irabu hiyo ikataja jina lake. Maelezo haya yameletwa Bofa kama yalivyo. Yana makosa mawili. La kwanza, mtoto wa Kiingereza anaijua a kwa jina la "ei", kwa hiyo akiambiwa irabu itaje jina lake atasema "neim" na atakuwa amepatia. Mtoto wa Bofa anaijua a kwa jina la "a". Irabu ikitaja jina lake katika "name", itasema "na". Ametii kanuni barabara, na bado amekosa. La pili ni hilo jina la mazingaombwe lenyewe, kwa sababu jambo hili lina sababu, na sababu hiyo mtu wa pwani yuko mahali pazuri kuielewa kuliko mtoto wa London.

Jinsi e ilivyonyamaza

Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia nchi hiyo mwaka 1066, neno "name" lilikuwa "nama". Lilikuwa na silabi mbili, na a zake zilitamkwa karibu na a zetu. Baadaye irabu za mwisho zilidhoofika zote zikawa sauti moja hafifu, iliyoandikwa e: "na-me". Wakati huohuo silabi ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa na mkazo tena ilikuwa silabi wazi isiyofungwa kwa konsonanti, ikavutwa: "naa-me". Hivyo ndivyo neno hilo lilivyotamkwa kwa jumla katika zama za mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, na katika tungo zake silabi hiyo ya mwisho huhesabiwa mara nyingi katika mizani, isipokuwa inapofuatiwa na irabu nyingine ikamezwa. Mtunzi wa shairi la Kiswahili, ambaye maisha yake yote huhesabu mizani, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tumsikilize tena mtoto wa Bofa. Anasoma "name" kwa silabi mbili. Kwa kuwa mazoea ya Kiswahili humtia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, anaivuta kidogo: "naa-me". Ule mvuto ambao mwandishi wa hati wa pwani aliuandika kwa alifu ndio mvuto uliotokea katika Kiingereza zaidi ya miaka 600 iliyopita, mahali palepale pa neno, kwa sababu zinazofanana. Mtoto huyu anasoma maandishi ya Kiingereza karibu sana na vile waliyoyaandika walivyokusudia yasomwe. Waliopotoka na maandishi ni wasemaji wa baadaye.

Maana yaliyofuata yalikuwa mambo mawili. Kwanza, ile sauti hafifu ya mwisho ilinyamaza kabisa, lakini herufi haikuondoka. William Caxton alipoweka matbaa yake Westminster mwaka 1476, desturi ya waandishi ilikuwa bado na e hizo, na chapa zikazidi kuzikaza. Kufikia mwaka 1582 Richard Mulcaster, mwalimu mkuu wa shule London, alikuwa anaieleza e ya mwisho kuwa ni alama ya kuonyesha namna ya kutamka irabu iliyotangulia. Yaani mabaki yamepewa kazi. Mara kazi hiyo ilipokwisha kujulikana, e ikaanza kupachikwa hata katika maneno ambayo hayakuwa nayo zamani; neno la divai lilikuwa "win" katika Kiingereza cha kale, i yake ikivutwa, na e ya "wine" ilikuja baadaye.

Pili, kati ya karne ya 15 na ya 18, irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake kinywani, mabadiliko ambayo Otto Jespersen wa Denmark aliyapa jina tunaloweza kulitafsiri kuwa Mhamo Mkuu wa Irabu. Ile "naa" ikapanda polepole mpaka ikawa "nei". Ile "bii" ya "bite" ikawa "bai". Herufi zilibaki pale zilipokuwa. Hivyo irabu inayoitwa ndefu katika madarasa ya Kiingereza leo iliitwa hivyo kwa sababu ya urefu iliokuwa nao zamani. Tofauti inayosikika sasa kati ya irabu ya "mat" na ya "mate" si ya kipimo tu. Ni sauti mbili mbalimbali, na ya pili ni mchanganyiko wa irabu mbili.

Jinsi l ilivyotoweka

Mswahili anaweza kuyasoma hayo akacheka, akasema kwamba Waingereza wana vituko vya kuandika wasichosema. Asicheke haraka. Na asikilize majirani zake wa Bofa.

Mvua kwa Kigiriama ni "mvula". Njaa ni "nzala". Juu ni "dzulu". Miguu ni "magulu". Kukaa ni "kukala". Kuja ni "kudza", na kujaa ni "kudzala". Haya si maneno yaliyokopwa kutoka Kiswahili na kuongezwa l. Ni kinyume chake: Kiswahili na lugha za Kimijikenda ni ndugu wa tumbo moja, katika kundi ambalo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilichunguza kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1993, na wakaliita Sabaki, pamoja na Kipokomo, Kielwana na lugha za Komoro. Sauti ya l ilikuwamo katika maneno hayo ya asili. Kigiriama kimeihifadhi, Kiswahili kimeiangusha, na irabu mbili zilizokuwa zimetengwa nayo zikakutana. Urefu wa "njaa" na wa "juu" ni alama ya mahali ilipokuwa l, kama shimo la nguzo katika nyumba iliyobomolewa.

Tukio ni la namna moja. Katika Kiingereza sauti ya mwisho imetoweka ikaacha nyuma yake irabu iliyovutwa. Katika Kiswahili sauti ya katikati imetoweka ikaacha irabu mbili zilizoungana. Lililotofautiana ni wakati. Kiingereza kilipata desturi imara ya kuandikwa kabla e haijanyamaza. Kiswahili cha herufi za Kirumi kiliandikwa na Krapf na Steere l ikiwa imekwisha toweka zamani, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuhifadhi. Tujaalie kwamba palikuwako matbaa Pate au Kilwa wakati wazee wetu wangali wakiitamka l hiyo. Leo tungaliandika "njala" tukasoma "njaa", tungaliandika "mvula" tukasoma "mvua", na mtoto wa Kiingereza aliyehamia Kilifi angalisoma l ile kwa ujasiri wote, nasi tungalimwambia kwamba ni herufi bubu na kumweka katika fungu la wazito.

Liko neno moja ambalo lilituonyesha jambo hili likitendeka mbele ya macho yetu. Wagiriama husema "Mulungu". Vitabu vya wamisionari wa karne ya 19 viliandika "Muungu", kwa u mbili, l ikiwa haipo lakini nafasi yake bado inaheshimiwa. Leo twaandika "Mungu". Sauti ilitangulia na maandishi yakaifuata, tena bila ya kelele kubwa, kwa kuwa vitabu vilikuwa vichache na waliokuwa na mamlaka ya kubadili tahajia waliweza kukaa meza moja. Waingereza hawakuwa na bahati hiyo. Kufikia wakati walimu wao walipoanza kulalamika juu ya tahajia, tayari nchi ilikuwa imejaa vitabu.

Juu ya istilahi "irabu ndefu"

Sasa turudi kwa mwalimu wa Bofa na mwongozo alioshika mkononi. Mwongozo unamwambia awafundishe watoto "irabu ndefu" za Kiingereza. Katika darasa lake kuna watoto ambao jioni, chuoni, hufundishwa irabu ndefu kwa kipimo cha kidole. Asubuhi ileile, katika Kiswahili, wamefundishwa kwamba kuja si kujaa, na kwamba tofauti ni urefu wa a. Maana mbili hizi hazipingani: zote zinahusu muda. Kisha wanaambiwa kwamba "ei" ya "name" ni a ndefu, na "ai" ya "bite" ni i ndefu. Mtoto mwenye akili atajaribu kuivuta a: "naaame". Tumewahi sote kuisikia sauti hiyo ikitoka dirishani mwa darasa, na tukaidhania kuwa ni uzembe.

Kwa rai yetu, "irabu ndefu" ibaki kuwa jina la irabu inayovutwa, katika Kurani na katika Kiswahili. (Tunaujua ubishi kwamba "aa" ya "njaa" ni silabi mbili wala si irabu moja ndefu, na kwamba mkazo wake ni shahidi, ubishi huo hauathiri hoja hii.) Irabu za Kiingereza zilizohama ziitwe kwa jina jingine, sisi tungependekeza "irabu zilizohama", kwa kuwa ndivyo zilivyofanya. Na e ya mwisho, ambayo wengine huiita kimya na wengine bubu, tungependa iitwe "e iliyonyamaza". Bubu hakupata kusema. E hii ilisema kwa karne nyingi.

Mwalimu ataona kwamba tunampa majina na hatumpi njia. Lakini njia anayo, na iko katika kinywa cha mtoto. Wapwani walipokopa maneno ya Kiingereza waliyachukua kwa masikio, hawakuyachukua kwa macho, na masikio yao yalikuwa makini. Walisikia "gate" wakasema geti. Walisikia "cake" wakasema keki, "brake" wakasema breki, "grade" wakasema gredi. Katika kila neno a iliyohama imewekwa e ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyo karibu nayo. Walisikia "file", "line", "pipe" na "size" wakasema faili, laini, paipu na saizi: i iliyohama imekuwa "ai" bila ya kukosea hata mara moja. O haikuhama mbali sana, na "note" ikawa noti. Mtoto wa Bofa anapoingia darasa la kwanza anajua geti la shule, breki ya baiskeli, keki ya harusi na laini ya simu. Yaani jedwali nzima ya irabu zilizohama ameihifadhi kabla hajashika kalamu. Kinachobaki ni kumwonyesha jinsi Waingereza wanavyoyaandika maneno ambayo yeye tayari huyasema.

Kuna jambo jingine katika maneno hayo ambalo halijatajwa vya kutosha na wanaoandika juu ya ukopaji. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo kimeyapa maneno hayo irabu ya mwisho: ge-ti, ke-ki, fai-li. Silabi ambayo Kiingereza kiliipoteza baada ya Chaucer imerudishwa pwani hii, ingawa kwa irabu nyingine. Mwalimu akiandika "geti" na chini yake "gate", watoto wataona wenyewe kwamba neno la Kiingereza nalo lina irabu mahali pale pa mwisho, ila wenyewe hawaisemi. Ni rahisi zaidi kumwambia mtoto kwamba watu fulani waliacha kuitamka herufi kuliko kumwambia kwamba herufi inaruka.

Yabaki maneno yasiyofuata kanuni: "have", "give", "come", "one". E ya "have" na ya "give" ilibaki kwa sababu waandishi wa Kiingereza hawakuzoea kumaliza neno kwa v, haina uhusiano wowote na irabu iliyotangulia. Na kila neno katika hayo mengine lina kisa chake, ambacho hakimfai mtoto wa miaka sita. Hapo mwalimu wa shule anaweza kufanya kama afanyavyo jirani yake wa chuoni anapofika kwenye ile alifu ya mwisho wa "qaaluu": aseme kwamba haisomwi, aiguse kwa kijiti ili watoto waione, na aendelee na neno linalofuata.